Gunzi Nyuma ya Kompyuta

Enzi zetu, kompyuta ikiingia nyumbani ilivishwa kitambaa cha kufuma kama kochi la wageni, na watoto tuliipita kwa kunyata. Wa rika langu waliokulia Njombe wataukumbuka ukungu wa mwezi wa sita ulioingia hadi sebuleni, masweta ya shule yaliyonuka moshi, na viazi vya maganda tulivyovishika kwanza ili kupasha viganja, ndipo tukavila. Vijana wa leo, ambao mtandao ukiyumba hususa chakula, hawataamini kwamba sisi tuliiogopa kompyuta kama nyoka aliye darini.

Baba, mwalimu wa shule ya msingi, aliinunua ikiwa imeshatumika kwa mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa na duka Makambako. Aliitaka kwa kazi moja tu: kuhifadhi maneno ya kale ya Kibena aliyoyajua bibi, mama yake mzazi. Bibi alitamka karibu na jiko la mkaa, baba akaandika, jioni baada ya jioni, mpaka bibi akafariki kabla ya mavuno. Nakala ya karatasi haikuwapo, kwa kuwa mjomba alikuwa amemhakikishia kwamba karatasi zimepitwa na wakati.

Ndipo ujumbe ulipoanza. Kwenye pembe ya chini ya kioo palichomoza kiputo cha manjano chenye alama nyekundu ya kukosea. Baba alikitafsiri kwa utaratibu wake: waya wa mtandao haujachomekwa. Hatukuwa na mtandao wala waya, wala hatukuwa tumeomba kuarifiwa. Alikifunga, kikarudi. Alipoigeuza mashine, alikuta nyuma yake tundu la mraba, wazi.

“Kilicho wazi huvuja,” mama alisema.

Tangu hapo, kila baba alipoiwasha mashine, alipitisha kidole juu ya kioo, neno kwa neno, akitafuta lililotoroka. Mama alichonga gunzi la mahindi, kama alivyozoea kuziba kibuyu, akalishindilia tunduni. Kiputo hakikujali. Nilikuwa nikifanya hesabu zangu mezani, nikisikia mlio wake mdogo. Niliamini kwamba bibi alikuwa akituondokea mara ya pili, kidogo kidogo, kupitia tundu lile.

Mjomba alipokuja kututembelea, aliinama nyuma ya mashine, akainuka akicheka.

“Shemeji, mwaka huu umepanda mahindi humu?”

“Cheka,” baba alimjibu. “Ila kwanza niambie kama mama yangu bado yumo.”

Mjomba akaacha kucheka. Akavuta kiti, akaeleza kwa upole kwamba hakuna kilichovuja. Mashine ilikuwa ikitangaza tu hali ya waya usiokuwapo. Akabofya kile kialama cha pembeni, akafungua mipangilio yake, akaondoa tiki iliyoiamuru mashine itujulishe. Kiputo hakikurudi tena. Mama akashusha pumzi. Baba akabaki akiitazama ile pembe tupu.

“Na siku kitu kikitoka kweli,” akauliza, “nani atatuambia?”

Gunzi likaachwa palepale, na baba hakuruhusu liondolewe maisha yake yote.

Sasa baba naye ametangulia, nami naishi katika nyumba ileile ya mtaa wa Ramadhani. Maneno ya bibi yamo katika kompyuta yangu, nyembamba kama sahani. Binti yangu hunituliza: “Baba, hayapotei hayo, yamehifadhiwa mtandaoni.” Nikimuuliza ni wapi hasa, huonyesha juu kwa kidevu, macho yake yakiwa kwenye simu.

Kila niiwashapo kompyuta hiyo, hunitangazia kwamba imeunganishwa na mtandao. Sijamuuliza mtu namna ya kuinyamazisha. Huwa nalichukua gunzi la mama, jepesi na kavu, nikaigeuza mashine upande huu na upande ule, nikipapasa kingo zake kwa kidole. Tundu la kuziba silioni.