Mwalimu Mastura na Ubao wa Vuli

Mastura Ergashova alifundisha kemia katika shule ya kijiji chetu cha Jangakbulak kwa miaka thelathini na miwili. Kwa miaka kumi na tisa kati ya hiyo, mimi nilifundisha jiografia katika chumba kinachopakana na chake. Ukuta ulikuwa mwembamba. Nililijua jedwali la elementi kwa ghibu bila kufungua kitabu, naye alisema angeweza kuitaja mito yote ya Siberia akiwa usingizini.

Mbali na kemia, alikuwa na kazi ambayo walimu wengine tuliikwepa: shughuli za wanafunzi wakubwa nje ya masomo. Kila tarehe mosi ya Septemba alibandika kwenye ubao karibu na ngazi orodha ya mambo ya vuli, kwa mwandiko wake mkubwa wa mviringo. Mashindano ya kemia na hisabati wilayani. Mtihani wa kuchagua watakaokwenda kusoma ng'ambo mwaka mmoja. Shindano la insha. Masomo ya bure ya Jumamosi chuoni Jalal-Abad. Ligi ya mpira wa wavu. Dansi ya vuli ya darasa la kumi na la kumi na moja. Chini ya kila jambo aliandika kwa wino mwekundu siku ya mwisho ya kujiandikisha.

Ubao ulikuwa mzuri, ila wasomaji hawakuwepo. Wiki ya tatu ya Septemba mijozi ya mlimani huanza kudondosha jozi, zile kokwa ngumu zinazotulisha kijiji kizima, na kila nyumba hufunga mlango ikapanda msituni na hema, jiko, ng'ombe na watoto. Wanakaa huko mwezi na zaidi. Unga wa majira ya baridi, makaa ya mawe, harusi ya binti, vyote hutoka kwenye magunia hayo. Hakuna mwalimu aliyethubutu kumkemea mzazi, kwa sababu nasi tulikuwa na vipande vyetu vya msitu. Darasa la kumi na moja la watu ishirini na wanne lilibaki na watano, na Mastura aliwafundisha hao watano kwa sauti ileile ya kufikia viti vya nyuma.

Mwaka mmoja, mwishoni mwa Oktoba, Ikbol, mwana wa mfinyanzi, alirudi kutoka msituni na kwenda moja kwa moja kwenye ubao. Nilikuwa nikipita na ramani zangu. Mikono yake ilikuwa myeusi hadi kwenye viwiko, maana ganda bichi la jozi hutia rangi isiyotoka kwa sabuni.

"Mwalimu," alimwambia Mastura aliyekuwa akitoka darasani, "nataka huu mtihani wa ng'ambo. Kiingereza changu si kibaya, wewe mwenyewe unajua."

Mastura alitazama wino mwekundu. Usajili ulikuwa umefungwa siku tatu zilizopita.

"Ungeniambia mapema, mwanangu."

"Ningekuambia vipi? Nilikuwa juu ya mti."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayejibu swali aliloulizwa, kisha akaenda zake. Kiangazi kilichofuata alienda Urusi kujenga majumba, kama vijana wetu wengi. Mastura alikaa siku ile chumba cha walimu na chai yake ikapoa, nami nilipomwuliza kulikoni akasema, "Miaka yote hii nimekuwa nikiutangazia ukuta."

Vuli iliyofuata alinakili orodha yake mara thelathini, akaitia mkobani pamoja na mikate miwili, na Jumapili moja akaanza kupanda. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, mnene kiasi, na aliogopa farasi tangu utotoni, kwa hiyo alikwenda kwa miguu, hema hadi hema. Niliandamana naye mara ya kwanza, nikiona haya kumwacha peke yake.

Watu walimpokea kwa kicheko. "Mwalimu, umekuja kutusahihishia kokwa?" Mwingine alisema, "Mficheni yule mtoro, madaftari yamefika." Alicheka nao, akaketi kwenye mkeka, akachukua kisu na kuanza kumenya maganda kama kila mtu. Anayemenya hafukuzwi. Huku mikono ikifanya kazi, aliwasomea vijana mambo ya vuli, na aliyetaka aliandika jina lake palepale kwenye goti lake.

Hema ya Tulkin ilikuwa ya juu kabisa, karibu na mwamba. Tulkin alianguka mtini mwaka uliotangulia akavunjika mguu. Uliunga, lakini kupanda hakuweza tena. Sasa kaka yake mdogo alipanda na kutikisa matawi, na chini waliokota watatu: Tulkin mwenyewe akijikokota, mkewe Hafiza, na binti yao Zebiniso, wa miaka kumi na sita. Ni kwa ajili ya huyo binti Mastura alipanda mpaka juu kule. Hajawahi kufundisha, aliniambia njiani, mwanafunzi aliyekasirishwa hivyo na mlingano usiosawazika.

"Mashindano ya kemia ni Jumamosi ijayo," Mastura alisema baada ya chai. "Mjini. Ijumaa anasafiri, analala kwa shangazi yake, Jumamosi anafanya mtihani, jioni anarudi."

Tulkin aliendelea kumenya. "Mwalimu, nakuheshimu. Lakini tazama mteremko huu. Mvua ikija kabla hatujamaliza, kokwa zinaoza chini. Siku mbili za Zebi ni magunia mawili."

"Najua."

"Basi ukijua, unaniulizia nini?"

Zebiniso alikuwa nyuma ya hema akigeuza jozi juani. Aliacha kuzigeuza.

"Mimi vuli zangu zote za shule niliziacha kwenye pamba," Mastura alisema. "Zama zile tulipelekwa darasa zima kuichuma. Barua ya kuniita kwenye usaili wa chuo ilifika nyumbani nikiwa shambani. Nilipoisoma, usaili ulikuwa umeshapita."

"Na bado ukawa mwalimu," Hafiza alisema kwa upole.

"Nilitaka kuwa daktari, dada."

Hafiza alimtazama mumewe. Tulkin alipangusa kisu kwenye suruali. "Pole kwa hayo," alisema, "lakini pole haiokoti jozi."

"Mimi naokota," Mastura alisema. "Ijumaa na Jumamosi nitakuja hapa badala ya Zebiniso. Alfajiri mpaka jua lizame."

Tulkin alicheka mpaka akashika mguu wake mbovu. Mwalimu hakucheka. Mwishowe yule bwana aliona kwamba mgeni wake hafanyi mzaha, akakohoa, akamwambia mkewe amwongezee mwalimu chai.

"Utashindwa saa nne asubuhi," alisema.

"Nikishindwa, mtume mtu amrudishe binti."

"Kutoka mjini?"

"Basi nisishindwe."

Mkuu wa shule hakufurahi. Alimwita Mastura ofisini na mimi nilisikia, kwa sababu kila ukuta wa shule yetu ni mwembamba. Alisema mwalimu wa serikali hawi kibarua wa wazazi, na leo ni Zebiniso, kesho watapanga foleni. Mastura akajibu kwamba vipindi vyake vya Ijumaa nimekubali kuvishika mimi. Nilikuwa sijakubali, lakini nilitokea mlangoni nikasema ndiyo.

Ijumaa ile Zebiniso alishuka bondeni akiwa na fomu mbili mkobani. Moja ilikuwa ya mashindano. Nyingine ilikuwa tupu, imepigwa mhuri wa shule. "Ukiona kitu kingine kinachokufaa, jaza," Mastura alimwambia. "Usisubiri kuniuliza."

Kuhusu siku zile mbili nina maneno ya Hafiza, aliyeyasimulia kisimani majira yote ya baridi. Saa nne asubuhi mwalimu hakushindwa. Saa sita aliokota akiwa amepiga magoti. Saa tisa alikuwa akijisogeza kwa makalio kwenye mteremko, gunia likimfuata, na Tulkin, ambaye naye huokota kwa makalio, alikuwa kando yake. Wakawa wanashindana. "Mwalimu, umeiacha moja hapo." "Hiyo ni mbovu." "Sisi mbovu tunaziuza kwa wajuzi wa kemia." Jumamosi mawingu yalitanda, watu wa hema ya jirani wakaja kusaidia kwa sababu haikuwezekana kumwona mwalimu wa watoto wao akitambaa huku wamekaa. Mvua ilipoanza saa kumi, mteremko ulikuwa umekwisha.

Jumapili, baada ya mvua kumzuia kurudi jioni ile, Zebiniso alipanda mlima akiwa na viatu vyenye matope. Mastura alikuwa bado yuko, mgongo ulikataa kushuka. Wote walimtazama yule binti.

"Wa nne," alisema.

Walioshiriki walikuwa thelathini na mmoja. Wanaokwenda ngazi ya mkoa ni watatu.

Zebiniso alivua kitambaa chake cha kichwa, akakikunja vizuri, akakikunjua. Swali la mwisho, alieleza, alilijua, lakini alikuwa ametumia muda mwingi mno kwenye la tatu kwa sababu hakuipenda namna lilivyoandikwa.

"Huyo wa tatu ni nani?" Tulkin aliuliza.

"Mvulana wa shule ya mjini. Baba yake ana maabara nyumbani."

"Na wewe una nini nyumbani?"

"Nina ng'ombe."

Tulkin alitikisa kichwa polepole, mara kadhaa, kama mtu anayepima mzigo. "Wa nne, na ng'ombe," alisema. Akamkatia mkate, naye hakuwa na desturi ya kumkatia mtu mkate.

Hapo ndipo Zebiniso alipotoa habari ya pili. Nje ya ukumbi wa mtihani kulikuwa na meza ya chuo, walikuwa wakiandikisha watu wa masomo ya Jumamosi, nafasi zilibaki chache. Alijaza ile fomu tupu. Hakuwa na ruhusa ya mtu. Alisema hayo akitazama jiko.

"Yanaanza lini?" baba yake aliuliza.

"Novemba, wiki ya kwanza."

"Novemba hakuna jozi," Tulkin alisema, akamgeukia Mastura. "Mwalimu, umeninyima hata sababu ya kukataa."

Majira yale ya baridi Zebiniso alishuka kila Jumamosi kwa gari la kwanza, saa nyingine kwenye theluji inayofika magotini. Alikosa mara mbili tu, mara moja barabara ilipofungwa, mara nyingine bibi yake alipofariki. Mtihani wa kuingia chuo aliufeli mara ya kwanza kwa alama sita. Alilia siku tatu, akarudi msituni kuokota, akaufanya tena, akafaulu. Sasa ni mfamasia Jalal-Abad, ana watoto wawili, na dawa za presha za nusu ya kijiji chetu hupita mikononi mwake.

Kwa Mastura mambo hayakuwa mepesi. Mgongo ule haukupona sawasawa. Mkuu wa shule alimwandikia karipio, ingawa mwaka uliofuata, wazazi kumi na wanne walipokwenda kumwona kwa pamoja, alikubali mchujo wa shule wa mashindano yote ufanyiwe msituni, kwenye uwanda wa katikati ya mahema. Nilisimamia mtihani wa jiografia huko mara tano. Wanafunzi waliandika wakiwa wameegemea magunia, na mama zao walikatazwa kunong'ona majibu, jambo walilolifanya hata hivyo. Kutoka mitihani ile tulipata msichana mmoja aliyekwenda ng'ambo, wavulana wawili waliofika mashindano ya taifa ya hisabati, na wengi, wengi sana, waliofika wa nne, wa tisa, wa ishirini. Mastura aliwaandika wote kwenye daftari moja bila kutenganisha. Nilimwuliza kwa nini wa ishirini naye. Akasema, "Huyo naye alishuka mlimani."

Alistaafu miaka minne iliyopita. Tulimpa zulia na hotuba ndefu ya mkuu mpya. Kipande chake cha msitu, alichokuwa akikikodisha miaka yote kwa kukosa muda, alikitwaa mwenyewe, na sasa anapanda kila vuli pamoja na dada yake mjane. Si mwokotaji mwepesi. Mwaka jana nilimtembelea nikamkuta Tulkin ameketi kwenye mkeka wake akimfundisha namna ya kupasua kokwa bila kukivunja kiini chake. Walikuwa wakibishana, kila mmoja ana rundo lake mbele, na dada mtu amekwisha kuzoea, anapika pilau bila kuwasikiliza. Walinisogezea nafasi, wakanipa kisu.