Wembe Ndani ya Mto wa Mtoto

Miaka ile koti la kizungu na tai vilipopigwa marufuku katika Zaïre, mafundi cherehani wa Goma hawakupata hata nafasi ya kujikuna. Kasoki, mjane wa kutoka Butembo aliyeshonea kwenye baraza moja katika mtaa wa Birere, alikuwa akifumua makoti kutwa nzima ili ayageuze kuwa abakosti, vazi lisilofungwa tai ambalo serikali iliwataka wanaume walivae. Aliuvunja wembe vipande viwili, akafumulia kimoja, na kilipokuwa butu akakizamisha ndani ya pedi kuukuu ya bega la koti iliyokaa kando ya mashine. Pedi ikijaa, aliitumbukiza chooni. Kuzika hakukuwezekana, kwa sababu mji umekaa juu ya mawe ya volkano, na jembe hapo hugonga likarudi.

Siku hiyo alikuwa akifumua koti la Habarurema, karani mnene aliyemngojea kibaoni akiwa na fulana tu.

"Mama Kasoki, fanya mbio," alisema Habarurema. "Nikienda mukutano namna hii, watasema nimekuja kupigana mieleka."

Kasoki alicheka. Wembe ulikuwa umeisha makali, akanyoosha mkono bila kutazama ili auchomeke. Vidole viligusa mbao tupu.

Akainama chini ya meza, akakung'uta koti. Pedi haikuwapo. Ndipo alipokumbuka. Asubuhi Mama Murhula wa mtaa wa Mabanga alikuja kuchukua mto wa kulalia wa mjukuu wake mchanga, akaubonyeza, akalalamika kwamba umelegea. Mito ya Birere yote ilijazwa mabaki ya nguo, pedi za makoti zikiwamo. Kasoki alikumba vilivyokuwa mezani kwa mikono miwili, akavishindilia ndani, akashona mdomo.

"Ninakuja," alisema.

"Unakuja namna gani, na koti yangu haina mikono? Mama Kasoki! Mama!"

Kasoki alikwisha kushika njia. Alikimbia juu ya mawe meusi, kiatu kimoja kikamtoka, asirudi kukiokota. Njiani wazo baya likamkimbilia sambamba: watu watasema nini wakikuta nyembe chini ya kichwa cha mtoto? Hakuna atakayesema ni uzembe. Watasema Kasoki, mwanamke aliyezika watoto wake mwenyewe, amemwonea wivu mwenziwe. Angeweza kuomba mto kwa hila, aseme anataka kuubana mshono vizuri. Lakini hila huhitaji muda, na mtoto hugeuza kichwa anapotaka.

Mama Murhula alikuwa mlangoni akichambua maharage.

"Eh, Kasoki! Unafukuzwa na nani?"

"Mama, mutoto iko wapi?"

"Analala. Shusha sauti."

"Juu ya ule muto?"

"Basi juu ya nini, juu ya jiwe?"

"Kuna nyembe ndani, Mama. Ni mimi nilikosea."

Maharage yalimwagika. Ndani, Nshobole, mama wa mtoto, alikuwa amesikia. Kasoki alipoingia alimkuta amepiga magoti kitandani, mkono mmoja umesimama hewani, anaogopa kugusa. Mtoto alikuwa amelalia shavu. Akakunja uso, akaanza kukisugua kichwa kwenye mto kama mwenye kutafuta titi.

"Usimuvute," alinong'ona Kasoki. "Muinue moja kwa moja kwenda juu."

Nshobole alipitisha kiganja chini ya shingo, akainua. Mtoto akalia. Walimpapasa shavu, sikio, kisogo. Hakuna damu.

Kasoki alichana mshono kwa meno, akatoa pedi. Ncha ya wembe mmoja ilikuwa imekwisha kutokeza nje. Akavuta pumzi.

"Imeisha, Mama. Zote ziko humu."

Mama Murhula aliuchukua mto. Akauweka mbele ya Kasoki.

"Zote? Basi laza shavu lako, tuone."

Kasoki aliinama. Shavu likakaribia kitambaa, likasimama. Hakuweza.

"Sijui," alisema. "Mama, kweli sijui."

"Afadhali umesema."

Waliuchoma mto uani. Moto ulipopoa, Kasoki alipekua majivu kwa kijiti, akakuta nusu ya wembe, nyeusi, peke yake mbali na pedi. Nshobole aliiona, akamkumbatia mtoto kwa nguvu mpaka akalia tena. Mama Murhula alileta kopo tupu la maziwa ya unga. Nyembe zote zikaingia, kifuniko kikagongwa kwa jiwe.

"Chooni pangu hapana," alisema. "Kile choo si kirefu, na siku kikijaa kuna mutu atakichota kwa mikono. Peleka kwa muhunzi, azitupe ndani ya moto wake."

Tangu siku hiyo Kasoki alifunga kopo kwenye mguu wa mashine, kifuniko kikiwa na ufa mwembamba wa kupitisha nyembe, na likijaa mhunzi alilipokea.

Kesho yake Mama Murhula alifika Birere na kitambaa kipya cha mto.

"Wewe utashona," alisema, akivuta kibao. "Kujaza nitajaza mwenyewe."

Akakaa hapo, akipokea kila kipande kutoka mkononi mwa Kasoki, akikifikicha polepole kati ya vidole kabla ya kukiingiza.