Sanduku la Shemeji Delmar

Marlys Dombeck alikuwa na vitu vingi alivyovidharau, na kwa miaka sita sanduku la shemeji yake, Delmar Pautz, ndilo lililokuwa juu ya vyote. Lilishinda hata bia nyepesi. Liliwashinda hata wanaume wanaovaa glavu kuchezea bolingi.

Lilikuwa sanduku la mbao za mwaloni, limepakwa vanishi mara tatu. Ndani lilikuwa na vyumba kumi na viwili vya kuwekea matufe ya bolingi, yale mazito yenye matundu ya vidole, yanayoviringishwa kuangusha pini, kila kimoja kimetandikwa kipande cha blanketi kuukuu na kubandikwa nambari ya shaba. Delmar alilitengeneza majira ya baridi yale aliyofiwa na mkewe, Ardis, dada yake Marlys. Wanaume wengine pale Manitowoc, Wisconsin, wakifiwa hunywa. Delmar alipiga randa. Tangu hapo, kila timu ya akina mama wa baa ya Zdroik ilipokwenda mashindano ya jimbo, matufe yao yalisafiri mle, nyuma ya pikapu, na Delmar akiendesha taratibu kama aliyebeba mayai ya askofu.

Matufe ya wote, isipokuwa la Marlys.

"Sanduku!" alikuwa akisema, akiwa ameegemea kaunta ya Zdroik na glasi yake ya brandi. "Mtu ana mikono miwili, tufe lina mfuko, mfuko una mpini. Sasa seremala wa nini?"

Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Thelathini na minne kati ya hiyo aliimalizia kiwandani, akikaza mipini kwenye sufuria, na zile sufuria zilikuwa zimemla kidole gumba cha mkono wa kulia. Kiungo kilivimba kikawa kama fundo la kamba. Jumatano iliyofuata daktari angekifunga kwa skrubu kisikunje tena. "Maumivu yatakwisha," daktari alimwambia, "lakini bolingi uisahau, mama." Marlys alimjibu kwamba yeye daktari aisahau gofu, maana alishamwona akicheza. Kisha akaenda kukaa ndani ya gari robo saa nzima bila kuwasha injini.

Kwa hiyo Jumamosi ile, kule Eau Claire, ndiyo ilikuwa ya mwisho. Mara ya thelathini na saba kwenda mashindano ya jimbo, na mara ya mwisho kutia gumba ndani ya tufe. Hakuwa amemwambia mtu ila Bernice Kozlik, dereva wake na mwenzake wa timu, na Bernice naye alimwambia kwa sababu binamu wa Bernice ndiye anayekaa mapokezi pale kwa daktari, habari zingefika tu.

Saa moja asubuhi walikuwa nje ya Zdroik, pumzi zikitoka mvuke. Baridi ilikuwa ya kukatisha nywele za puani. Delmar alisimama nyuma ya pikapu na kijidaftari chake, kofia ya masikio imefungwa chini ya kidevu kama kitoto cha chekechea, akipokea matufe.

"Shemeji," alisema, "nambari mbili ni yako. Iko wazi miaka sita."

"Weka sandwichi zako."

"Nimetandika blanketi jipya."

"Basi lala wewe." Marlys alichungulia ndani. Nambari moja, kama kawaida, lilikaa tufe jekundu la hudhurungi, limefunikwa kitambaa cha flaneli. "Naona marehemu naye anasafiri. Hachezi, halipi kiingilio, anatembezwa jimbo zima kama malkia!"

Wale mabinti wawili wa Stangel waliokamilisha timu waliangalia viatu vyao. Delmar alilitengeneza vizuri tu lile flaneli.

"Kule nyuma yataganda," Marlys aliendelea, maana alipoanza alikuwa hajui kuacha. "Kila mtu anajua tufe halikai nje wakati wa baridi."

Hilo ni kweli. Wisconsin mtoto hufundishwa mambo mawili kabla ya kuandika jina lake: usilambe chuma mwezi wa kwanza, ulimi utagandia, na usiache tufe kwenye buti ya gari.

"Baridi haivunji tufe, shemeji," Delmar alisema kwa upole ule uliokuwa ukimkera Marlys kuliko matusi. "Kinachovunja ni haraka. Lipoe polepole, tukifika lipate joto polepole. Ndiyo maana natangulia. Sanduku linakaa saa mbili limefungwa ndani ya ukumbi, ndipo nafungua."

"Umemsikia, Bernice? Tumepata profesa! Kazi yake kuuza mbolea, leo anafundisha matufe kuota moto!"

Akalikumbatia tufe lake jeusi, akapanda gari la Bernice, akafunga mlango kwa nguvu.

Tufe hilo alilinunua mwaka sabini na moja, siku moja na Ardis: yeye jeusi, Ardis lile jekundu, kila moja pauni kumi na nne. Ardis alichelewa kutoka kazini siku ile, na mtobozi wa matundu ya vidole alitaka kufunga duka. Akaipima mikono ya Marlys peke yake, akayatoboa yote mawili kwa kipimo kimoja. "Ninyi dada wawili mmetolewa kwenye kalibu moja," alisema. Ardis alipokuja akatia vidole, vikaingia kama vya kwake. Miaka ishirini na moja walicheza pamoja kila Alhamisi, wakigombana pamoja, wakisutana kwa kila pini iliyobaki imesimama. Ardis alipougua alicheza mpaka majira yale ya mwisho, amekonda, mikono imebaki mifupa. Marlys hakuyazungumzia hayo. Alizungumzia sanduku.

Hita ya gari la Bernice ilikuwa na hali mbili, kuzimwa au jehanamu. Marlys aliitaka jehanamu. Alilitoa tufe kwenye mfuko, akaliweka sakafuni kati ya viatu vyake, pale hasa hewa ya moto inapotokea, ili walau apate kuligusa kwa vifundo vya miguu.

"Marlys, nachemka," Bernice alisema baada ya saa moja. Alikuwa amevua koti, skafu na sweta la kwanza.

"Tufe linasikia raha."

"Tufe halina mishipa, shoga."

"Wewe endesha."

Waliipita pikapu ya Delmar kabla ya Waupaca. Marlys alimpungia mkono kama malkia wa maonyesho. Delmar alijibu kwa kuwasha taa mara moja, akabaki kwenye mwendo wake ule ule.

Karibu na Stevens Point walisimama kujaza mafuta. Choo kilikuwa nje, nyuma ya kituo, na ufunguo wake umefungwa kwenye mwiko mkubwa ili usiibwe. Mtu mwenye akili angeliacha tufe garini. Lakini Bernice alikuwa ndani ananunua kahawa, na mlango wa upande wake haukuwa ukijifunga vizuri, na Marlys Dombeck hakuwaamini watu wa Stevens Point. Akalibeba. Lilikuwa la moto kama mkate uliotoka tanuri, akafurahi.

Kufuli lilikuwa limeganda. Mkono mmoja haukutosha. Gumba lile lilikataa kabisa kuuzungusha ufunguo. Basi akaliweka tufe chini, kwenye theluji, dakika moja tu, akashika mwiko kwa mikono yote miwili, akasukuma kwa bega huku akimtukana aliyeujenga mlango ule na mama yake.

Nyuma yake kitu kililia ta!

"Barafu ya paa," Marlys alijiambia. Akaingia chooni. Alipotoka akalikung'uta tufe theluji, akalirudisha kwenye mfuko bila kuliangalia. Njia yote iliyobaki hakuongeza neno kuhusu profesa wa mbolea, na Bernice aliona ajabu lakini alishukuru, akapunguza hita.

Ukumbini Eau Claire walikuta njia arobaini na nane za kuviringishia matufe, moshi wa sigara, harufu ya soseji na vitunguu, na akina mama mia kutoka jimbo zima wenye majina ya baa zao mgongoni. Sanduku la Delmar lilikuja nyuma yao. Aliliburuta mpaka kwenye kona isiyo na upepo wa mlango, akaketi juu yake kwa saa mbili kamili, anakula jibini na kusoma gazeti. Zilipobaki dakika ishirini kengele ya mazoezi ilie, akasimama, akafungua. Mabinti wa Stangel wakatoa yao, yana joto la mkono, makavu, mazima.

Marlys alikaa peke yake kwenye benchi la mwisho, akafungua mfuko.

Ufa ulianzia kwenye tundu la gumba, ukapita kati ya matundu ya vidole, ukazunguka mpaka upande wa pili. Ungeweza kutia ukucha. Aliutia. Tufe lililokaa naye miaka ishirini na saba, lililomzika mume na kushuhudia kiwanda kikifungwa, alilipika kwa mkono wake mwenyewe kisha akaliweka kwenye theluji ili aende haja.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Alikuwa akiwaambia wengine hivyo maisha yake yote.

Bernice alikuja, akaona, akaziba mdomo. "Mungu wangu. Marlys. Chukua la ukumbini, yapo rafuni kule."

"Yale ya kuwakodishia wageni wa harusi? Matundu yake yalitobolewa kwa ajili ya kila mtu, hayamfai mtu. Gumba langu litanasa kwenye mrusho wa kwanza."

"Nunua jipya."

"Nani atalitoboa kwa robo saa?"

Bernice alitazama kule kwenye kona, kwa Delmar, kisha akatazama dari.

Marlys alibaki ameketi. Alifikiria kurudi nyumbani aseme ameumwa. Alifikiria kuwaacha wenzake wacheze watatu. Jumatano ilikuwa palepale, ikimsubiri na skrubu zake. Kwenda kwenye ile kona ilikuwa hatua kama ishirini, na hakuwahi kutembea hatua ngumu kama zile, hata nyuma ya jeneza.

"Shemeji," alisema.

Delmar aliinua macho. Aliuona mfuko ulioning'inia wazi. Aliuona ufa. Mtu yeyote mwingine wa Manitowoc angeusubiri wakati huo kwa miaka sita na kuutafuna taratibu, na Marlys mwenyewe, lau mambo yangegeuzwa, angeutafuna mpaka mifupa.

"Hita?" Delmar aliuliza.

"Hita. Halafu theluji."

"Aa." Aliugusa ufa kwa kidole. "Theluji nayo!"

"Haya, sema. Sema yote tumalize."

"Sina la kusema, shemeji. Nambari moja."

"Najua nambari yake."

Aliliondoa flaneli, akalitoa tufe la Ardis, akalishika kwa viganja viwili. Marlys alitia vidole viwili, vikaingia mpaka ndani, kama siku ile dukani. Gumba likagoma mlangoni. Alisukuma, maumivu yakampanda mpaka kiwikoni.

"Si la kipimo kimoja hili," alisema kwa hasira. "Amelibadilisha."

"Ni plasta," Delmar alisema.

Wachezaji wote hutia plasta kwenye tundu la gumba, kipande chembamba kimoja au viwili, kulibana. Delmar alitoa kisu kidogo mfukoni, akapiga goti kando ya sanduku, akaingiza ncha. Akabandua kipande, akakibandika kwenye mfuniko. Akabandua kingine.

"Hiki cha Machi," alisema bila kumwangalia. "Hiki cha Februari. Alikuwa anakonda, gumba linacheza ndani. Kila Alhamisi ananiambia, Delmar, ongeza kimoja. Ongeza kimoja." Akabandua cha tatu, cha nne. "Hiki cha Krismasi. Siku ile alipata mia moja tisini na nane, unakumbuka? Ulimwambia ni bahati."

"Nakumbuka."

"Alicheka njia nzima mpaka nyumbani."

Kengele ya mazoezi ililia. Bernice alikuwa akipunga mkono kutoka njia ya kumi na nne. Kwenye mfuniko wa mwaloni, juu ya ile vanishi ya mara tatu, vilikuwa vimepangwa vipande sita, vyeusi, vilivyopinda kwa umbo la dole gumba. Marlys alitazama vyumba vile, blanketi, nambari za shaba. Miaka sita amemcheka mtu kwa kubeba matufe, na mtu mwenyewe alikuwa habebi matufe.

"Jaribu," Delmar alisema.

Alitia gumba. Likaingia mpaka kwenye fundo, likabanwa.

"Kimebaki kimoja chini kabisa," alisema Delmar, kisu mkononi. "Cha kwanza. Kinakubana?"

"Kinabana."

"Nikitoe?"

Marlys alilipakata tufe la dada yake kwenye nyonga, mkono ukimuuma kweli kweli.

"Acha hicho," alisema, akaenda kwenye njia ya kumi na nne.