Chokaa Juu ya Makaa

Pale kwenye kiwanda cha chuma walimwita Bi Chokaa, na mumewe wakamwita Masizi. Mke aliponda mawe ya chokaa, mume alisimamia lundo la makaa ya mawe. Jioni waliongozana kwenda nyumbani, mmoja mweupe kama mzuka, mwingine mweusi ti.

"Bila makaa yangu tanuri ni shimo tu," Masizi alipenda kutamba.

"Na bila chokaa yangu, nani angekiondolea chuma mavi yake?"

Hakutukana. Ndani ya tanuri chokaa hushikana na uchafu wa mawe ya chuma, ukaelea juu kama povu, na jina lake ni mavi ya chuma. Bi Chokaa hakuchoka kulitamka, hasa mbele ya mashemeji.

Siku moja, wakati wa chai, Masizi akawatangazia wenzake kuwa mkewe ni mfagia choo cha tanuri. Watu wakashika mbavu. Bi Chokaa naye akacheka, tena kwa sauti, na hapo ndipo mumewe angepaswa kuogopa.

Masizi alipokwenda getini kupokea mzigo, mkewe akakoroga pipa zima la chokaa, akatwaa ufagio, akalipaka lundo lote. Mume kurudi, akakuta kilima cheupe pepepe.

"Mama watoto, umenifanyia nini?"

"Nimekuogeshea mwanao. Alikuwa mchafu."

Msimamizi wa stoo alifoka hadi mishipa ikamtoka, akataka makaa yaoshwe mara moja. Lakini king'ora cha kutoka kilikuwa kimelia, na hakuna aliyegusa ndoo.

Asubuhi lile lundo jeupe lilikuwa na pengo jeusi ubavuni. Kwa miezi makaa yalikuwa yakipungua, na lawama zote zikimwangukia Masizi. Sasa wakafuata vipande vyeupe vilivyodondoka njiani, moja kwa moja hadi kwenye gari la msimamizi wa stoo. Buti lilikuwa limejaa makaa meupe. Hata hakuwahi kuyashusha.

"Haya nimenunua sokoni," alijitetea.

"Kumbe siku hizi sokoni wanayapaka na poda?" Bi Chokaa akauliza, kwa upole kabisa.

Msimamizi akafukuzwa, na ikatoka amri makaa yapakwe chokaa kila jioni. Kazi hiyo akapewa Masizi. Mkewe humkorogea, kisha hukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kumwelekeza kwa kidole:

"Hapo kwapani umeruka, baba watoto. Rudia."