Shaba Haivai Ikitazamwa

Mmening'ang'ania niandike, wajukuu, na kalamu yenyewe hainipendi. Haya. Fundi redio wetu hupaka lehemu, ile risasi ya kuungia nyaya, laini kama uji, kwenye bodi ya shaba, kibao cha kushikia nyaya za redio alichokichonga mwenyewe, kwa kidole kidogo, kama anampaka mtoto mafuta. Kisha huilaza juu ya pasi ya moto iliyopinduliwa, lehemu iyeyuke, akipiga mluzi. Jana ilikuwa zamu ya redio ya marehemu mume wangu, iliyonyamaza miezi mitatu kwa kuungua bodi.

"Ukiiunguza, nitakuunguza wewe!"

"Bibi, geukia ukutani. Shaba haivai nguo ikitazamwa."

Nikageuka, mimi nisiyeamrishwa na mtu! Mluzi ukakatika. Mara akaangua kicheko; nikageuka, namwona kitambaa mkononi, lehemu imeivika shaba yote, na bodi inang'aa kama fedha. Jioni redio ikaimba. Mimi nimeandika; ninyi njooni mcheze, na atakayekaa kitini atanitambua.