Samaki wa Ndani ya Ndege

Mimi husuka nywele Kabiro, huku Kawangware, kwenye kibanda cha mabati kando ya mama muuza makaa. Mteja akishakaa kwenye kiti lazima aulize kitu, na siku hizi wananiuliza kuhusu ile hoteli ya ndege. Wameona picha kwenye simu. Ati inafaa ile bei? Mimi nawaambia wanyamaze wainamishe kichwa, nisije nikawang'oa nywele bure. Si kwamba sina jibu. Nimeingia mle, na vile niliogopa siku hiyo sikuwa nimewahi kuogopa, hata nikijifungua.

Hoteli yenyewe ni ndege kweli. Tajiri fulani aliinunua ikiwa imechoka, akaitoa magurudumu, akailaza kwenye bustani kule upande wa mageti makubwa, akaweka meza katikati ya viti. Unapanda ngazi, unafungwa mkanda, unaletewa chakula na vijana waliovaa kama watu wa ndege. Haiendi popote. Unalipa pesa nyingi ndio usiende.

Aliyetuletea habari zake ni mwenyekiti wa chama chetu. Chama chetu ni cha akina mama waliokuwa majirani Kibera. Mimi nilihamia Kawangware lakini chama sikukihama. Na tuna desturi yetu: mtoto wa mmoja wetu akienda mbali, hatumwachi aende hivi hivi. Tunamsindikiza. Tunamnunulia sanduku, tunampikia, tunamwekelea mikono na kumwombea mpaka shingo inamuuma. Zamu hii aliyekuwa anaenda ni msichana wangu, kifungua mimba wangu. Alikuwa amepata kazi ya nyumba Uarabuni, na ajenti aliyemtafutia alikuwa ameshampa tarehe.

Sikutaka aende. Nasema wazi. Nilikuwa nimesikia yale yanayosikika, nani hajayasikia? Kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga kulikuwa na msichana aliyerudi kutoka huko, haongei sana, anakaa mlangoni akiangalia watoto wa watu wakicheza. Nilikuwa nasuka nikikosea mistari mpaka wateja wakaniuliza kama nina malaria. Lakini wangu alikuwa amefua nguo za watu tangu amalize shule, amechoka kugonga mageti akiulizwa anataka nini. Alisema anaenda. Alisema haogopi, akasema tena, akasema tena, mpaka mimi nikaanza kuhesabu hayo maneno kama dalili ya ugonjwa.

Basi mwenyekiti akaja na hoja yake. Sanduku lipo, nguo zipo, kilichobaki ni ndege. Mtoto hajawahi hata kugusa moja. Akitapika je? Akishindwa kufungua mkanda mbele ya wageni? Afadhali ajaribu hapa nyumbani, akiwa na mama zake, aende akiwa mzoefu. Tulibishana Jumapili nzima pale Kibera, chai ikapoa. Wengine walisema ni wazimu, sahani moja pale inalisha nyumba wiki nzima. Mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote, na haikuwa kwa sababu ya bei. Nilijua tukishampandisha ile ya uongo, ya kweli itakuwa imekaribia. Mwenyekiti akaniuliza kama ningependa mtoto akajifunzie huko juu, akiwa peke yake. Tukaenda.

Tulivaa nguo za kanisa. Msichana alivaa zile atakazosafiria, koti jipya juu, na alikuwa anavuta sanduku lake, maana mwenyekiti alisema mazoezi ni mazoezi. Askari wa getini alituuliza kama tunahamia. Ndani tukapokewa na kijana wa shati jeupe lenye mistari ya dhahabu mabegani, mpole sana, akatuonyesha namna ya kufunga mikanda. Nilikaa karibu na mtoto wangu. Dirisha lilikuwa dogo, na nje kulikuwa na mzee anamwagilia maua. Nikawa najiambia, uko chini, mama, uko chini, angalia maua.

Chakula kikaja. Hapo naomba nisikizwe. Sisi ni watu wa samaki, na mwenyekiti alizaliwa hapo hapo kando ya ziwa. Samaki yule alikuwa kipande tu, hana kichwa, hana mifupa, hana chumvi, amemwagiwa mchuzi mtamu kama juisi. Ugali ulikatwa vipande kama sabuni ya kufulia. Mwenyekiti alionja mara moja, akaweka uma chini, akamuuliza yule kijana kama huyu samaki alikuwa mgonjwa kabla hajafa. Tulicheka mpaka machozi. Hata msichana alicheka, na nikafikiri, basi, imetosha, tule twende nyumbani.

Kumbe bado. Mapazia yakajifunga, taa zikapungua, sauti ikatuomba tukae tayari kwa kuondoka, na chini ya sakafu kitu kikaanza kunguruma. Viti vikatikisika. Sasa utaniambia nilijua ni mchezo. Nilijua! Lakini mwili wangu haukuambiwa. Masikio yaliziba, nikaona mtoto wangu anachukuliwa mbele ya macho yangu na mimi nimefungwa mkanda. Mwenyekiti akasimama akaanza kuomba, maana kwetu safari haianzi bila kuombewa, na akina mama wote wakasimama naye mikono juu. Baba tunaikabidhi ndege hii, mfunike rubani, yashike mabawa. Walikuwa wanaombea ndege isiyo na magurudumu. Watu wa meza zingine walitoa simu wakapiga picha. Mimi sikuomba kama wenzangu. Nilimfungua msichana mkanda, nikamkamata koti, na nikasikia sauti yangu imepita za wote.

"Mungu, isiondoke. Mungu wangu, isiondoke."

Yule kijana akakimbia kuzima mitambo, taa zikarudi, na kila mtu akawa ananiangalia. Nilidhani msichana ataona haya. Hakuona. Alikuwa ameishika meza kwa mikono miwili, haiachilii. Hapo ndipo nilielewa kwamba ameogopa kunishinda, na ya kwamba alichoogopa si ndege.

Akaniambia tutoke tupunge hewa. Tukakaa kwenye ngazi ya ile ndege, na akaniambia mambo ambayo nyumbani asingesema. Kumbe alikuwa amekaa na yule msichana wa ploti, wakaongea. Aliambiwa kwamba ukipiga simu huko, mwenye nyumba anaweza kukaa kando yako na mtu wa kumtafsiria, na ukilalamika tu simu inachukuliwa. Nilimwambia basi usiende. Nilimsihi, pale pale. Akatikisa kichwa.

"Mama, nikikuambia natamani ile samaki ya ndege, jua huku kumeharibika."

Nikamuuliza kwa nini samaki, jamani.

"Kwa sababu hakuna mtu anaweza kuitamani." Akavuta zipu ya koti juu na chini. "Na siku hiyo usiniambie nivumilie. Kila mtu kwetu huambiwa avumilie. Wewe usiniambie."

Nikaahidi. Tulirudi ndani tukamaliza samaki wote, kwa sababu alikuwa ameshalipiwa.

Akaenda. Mwanzoni simu zilikuwa nzuri: joto ni kali, nyumba ni kubwa, watoto ni watundu. Mimi nilikuwa nasikiliza kila neno nikitafuta samaki. Nikipita kwa akina mama wanaokaanga omena, vile visamaki vidogo, jioni nilikuwa nageuza uso, harufu tu ilinitosha kuharibu usingizi. Simu ikilia na namba ndefu, kabla ya kushika nilikuwa nafuta mkono kwenye leso, na ulikuwa haukauki. Miezi ikapita hivyo. Wenzangu waliniambia nimekonda kama ni mimi niliyeenda.

Asubuhi moja nilikuwa namsuka bibi harusi mtarajiwa, nimefika katikati ya kichwa, simu ikalia. Msichana alikuwa anaongea kwa furaha nyingi, nyingi kupita kiasi. Aliuliza habari za chama, za mwenyekiti, za mama wa makaa. Halafu akasema, sauti ikiwa ile ile ya kucheka, "Mama, jana nimeota ile samaki ya ndege. Aki naitamani."

Nisidanganye, lile neno la kuvumilia lilikuja. Limezoea kuja lenyewe, nimeambiwa mimi, aliambiwa mama yangu. Lilifika kwenye ulimi, nikaling'ata.

"Nitakutafutia, mami," nilisema. "Natoka sasa hivi."

Nikamwacha bibi harusi na kichwa nusu.

Mwenyekiti alileta akina mama wote kutoka Kibera, na hotpoti zao, na vitabu vya nyimbo. Tulikaa kwenye korido ya ofisi ya ajenti, tukidai mtoto arudishwe. Ajenti alituambia kuna mkataba, kazi mpya huwa ngumu, tumwambie mtoto avumilie kidogo. Mwenyekiti alifunua hotpoti akaanza kugawa chapati, na baada ya chapati tukaimba. Siku iliyofuata tukarudi, na iliyofuata. Simu ya mtoto ilikuwa imezimwa, haiingii, na mimi kila wimbo nilikuwa nauimba nikijaribu tena namba yake. Sijui kilichomshinda ajenti ni nyimbo au ni aibu ya wateja wake kutuona pale, lakini siku moja alishika simu akaanza kuongea Kiarabu kwa ukali, na hatimaye akatuambia siku ya kwenda kumpokea uwanja wa ndege.

Msichana alitoka bila sanduku. Koti ni lile lile, lakini lilikuwa limemwia kubwa, na mkono mmoja alikuwa ameuficha ndani ya mkono wa koti. Alikuja moja kwa moja kwangu.

"Nilidhani umesahau," alisema. "Nilidhani utaniuliza samaki gani."

Nikamwambia samaki yule alikuwa mbaya sana, mtu mwenye akili timamu hawezi kumtamani. Alicheka kidogo. Kisha akaanza kulia, pale pale mbele ya watu na toroli zao, kilio cha sauti. Akina mama wakasogea kumtuliza, wameshafungua midomo. Niliwazuia kwa mkono, nikamwacha alie.