Kaburi Lililoelekea Kaskazini

Siku aliyozikwa Mzee Selemani, muuza mkaa wa mtaa wetu Temeke, Zakaria aliacha cherehani yake akaja makaburini na jembe. Alikuwa mpangaji wa baba yangu, Mkristo aliyetoka Tukuyu na mkewe Elizabeti, na alikuwa amesoma misheni kunizidi mbali. Alichimba mpaka shati likamgandia mgongoni. Athumani, rafiki yetu wa nyumba ya pili, alikuwa naye shimoni.

"Padri, ongeza urefu," Athumani alimwambia. "Mzee huyu alikuwa mrefu. Usije ukamkunja kama suruali zako."

"Mie nachimba, Shehe. Wewe ndiye uliyeegemea mpini."

Watu walicheka kidogo, kama wanavyocheka watu makaburini. Maiti iliposhushwa, Zakaria alivua kofia akasogea kando, akatazama tulivyomlaza mzee wetu: ubavu wa kulia, kichwa mashariki, uso kaskazini, maana kwetu kibla kiko kaskazini. Alitazama kwa makini, kama mgeni anayejifunza adabu ya nyumba aliyoingia.

Mwaka haujaisha, sote watatu tulikuwa jeshini. Athumani alikwenda kwa hiari, mimi nilichukuliwa, na Zakaria alisema hawezi kubaki Temeke akisikiliza habari zetu. Tulifunzwa bunduki, tukapandishwa meli, na mwisho tukajikuta Burma, katika milima ya mvua ambako Mjapani alikuwa amejichimbia.

Katika kikosi chetu kidogo Zakaria alikuwa Mkristo peke yake. Koplo wetu, Mrisho, mtu wa Msasani, hakumpenda. Alisema watu wa misheni ni wala nguruwe, hawajui kujitwaharisha, na wanajiona Wazungu. Zakaria akinywea kikombe cha wote, Mrisho alikisugua kwa mchanga. Athumani alikuwa akikiwahi kikombe kabla hakijasuguliwa, anakinywea, kisha anampa Mrisho huku akimtazama usoni. Tulizoea. Tulidhani ni mambo ya kambini tu, yatakwisha siku tukirudi.

Asubuhi tuliyoamriwa kupanda kilima, ukungu ulikuwa mzito. Risasi zilianza kabla hatujafika katikati.

Nilipigwa pajani. Nilikaa matopeni nikitazama damu kama ya mtu mwingine.

Athumani alirudi kunishika mkono.

Hakuufikia.

Zakaria aliniburura mpaka handakini, kisha akarudi kule juu. Tulidhani atamleta Athumani, lakini mteremko ulikuwa wazi na maiti ni nzito. Alimvuta mpaka nyuma ya jiwe, akachimba hapohapo kwa jembe fupi la jeshi, amepiga magoti. Alirejea alasiri, udongo umemjaa hadi masikioni.

"Nimemviringishia blanketi langu," aliniambia. "Ubavu wa kulia, kichwa mashariki, uso kaskazini, kama kwenu. Dua zenu sizijui, Sefu. Nimemwombea kwa za kwangu."

Nilimwambia ahsante. Nilikuwa sijalia mpaka hapo.

Jioni mvua ilikatika na jua likaonekana. Akapita askari wa Kihindi, Mwislamu wa Punjabi, mchunga nyumbu wa mizigo. Mrisho alimwonyesha kaburi, maana udongo mpya ulionekana kutoka handakini, akamweleza kwa ishara kwamba aliyelala pale ni Mwislamu. Yule Mhindi aliinua viganja ili amwombee, kisha akasita. Alilitazama tena kaburi lilivyolala, akatikisa kichwa, akanyoosha mkono kule jua linakozama.

"Makka," alisema.

Hatukuwa tumelifikiria. Tulikuwa tumevuka bahari nzima, na kibla kilikuwa kimehama ubavuni mwetu. Sisi wenyewe, tangu tufike milimani, aliyesali alisali akielekea kaskazini kama yuko nyumbani. Hakuna aliyetaka kulikumbuka hilo jioni ile.

"Amefanya makusudi," Mrisho alisema. "Hawa wanafundishwa ramani. Anajua Makka iko wapi."

"Nilifundishwa mito ya Uingereza, koplo," Zakaria alimjibu. "Makka hakuna aliyenionyesha."

"Umemzika kama unavyozika mbwa wako."

Niliwaambia kwamba mimi ningemlaza vilevile, na wao pia. Mrisho hakugeuka.

"Wewe mnakaa naye nyumba moja," alisema. "Utasema nini?"

Kikombe cha maji kilipozungushwa, kilimruka Zakaria. Hakukidai. Baadaye alikuja kukaa karibu na mguu wangu uliofungwa.

"Kesho tunahama," alisema. "Likibaki vile, hawa watarudi Temeke waseme. Mama yake atasikia."

"Mungu anajua ulivyokusudia. Achana nao."

"Mungu anajua, sawa. Mama yake je?"

Alitoka alfajiri, ukungu ukiwa bado chini. Alitaka kuchimba jipya, la kwenda kaskazini na kusini, ili uso uangalie magharibi. Nilimsikia akichimba.

Kisha ukungu ukapanda.

Makombora mawili yalianguka, moja nyuma ya jingine.

Sikulisikia jembe tena.

Wenzetu wawili walitambaa mpaka pale, wakarudi na bunduki yake. Nilipouliza, mmoja alisema hapakuwa na cha kubeba. Tukahama. Mrisho ndiye aliyeshika machela yangu upande wa mbele, njia yote, katika matope yanayofika magotini. Nilidhani moyo umemgeuka. Labda uligeuka njiani tu.

Mimi nilibaki hospitali muda mrefu. Yeye alifika Dar es Salaam kabla yangu, na habari ilifika naye: Athumani amezikwa na kafiri, na kafiri amempa kibla mgongo. Kwamba Zakaria alikufa akimchimbia upya, hilo halikusimuliwa. Niliporudi, chumba chake nyumbani kwetu kilikuwa kitupu. Niliambiwa Elizabeti alikuwa akiuza vitumbua pale barazani, mpaka habari ile ilipofika. Watu wakaacha kununua. Kisimani wanawake walimpisha kama mwenye ukoma. Siku moja alimfunga mtoto wa Zakaria mgongoni, akaondoka.

Nilikwenda kwa Bi Mwanahawa, mama yake Athumani. Alinipokea ukumbini, kaniki begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Mguu unauma?"

"Kidogo."

Nilimweleza yote kama nilivyoyaeleza hapa. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye lile jembe, aliuliza:

"Alimaliza?"

"Hapana, mama."

"Kwa hiyo mwanangu bado ameelekea kaskazini."

"Ndiyo, mama."

Alitikisa kichwa polepole. Nilidhani atalia juu ya hilo, lakini halikuwa hilo lililomkaa moyoni.

"Na yule mwenzake alizikwa na nani?"

"Hakuna aliyemzika."

Nje mtu alikuwa akitwanga.

"Mkewe alikuja hapa," alisema hatimaye. "Siku aliyokuwa anaondoka. Alisimama mlangoni akapiga hodi. Nilimchungulia dirishani, mtoto mgongoni, furushi kichwani. Akapiga hodi ya pili, akapiga ya tatu. Mimi nimekaa hapahapa nilipokaa sasa. Sikumwitikia."

Ningeweza kusema hakujua, na ingekuwa kweli, lakini alikwisha kulijua hilo mwenyewe na halikumsaidia.

Kuanzia hapo, kila tuliposikia kuna mtu amefika mjini kutoka Tukuyu, nilikwenda kumwulizia Elizabeti, mke wa Zakaria fundi cherehani. Wengine walisema ameolewa, wengine walisema hawamjui. Jioni Bi Mwanahawa alinisubiri barazani, nami nikamwambia hakuna habari. Alikuwa akiitikia, "Haya," halafu anaingia ndani. Alifariki mwaka mmoja wa masika makubwa. Tulimzika Temeke, uso kaskazini, na hapo ilikuwa sawa.